Tupeane uzoefu: adapta ya Wi-Fi kwenye Linux, yako ilikubalije?

Mwanzisha uzi, Nyakato

Habari za jioni wakuu. Tangu Windows 10 iache kupewa masasisho Oktoba 2025, naona wengi huku Mwanza wanahamia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwenye kompyuta zao za mtumba ambazo Windows 11 inazikataa. Hilo ni jema. Ila Wi-Fi ndiyo inayowakatisha tamaa siku ya kwanza kabisa, wengine wanarudi walikotoka. Naanza na yangu, nanyi mteremke na zenu. Ombi moja: andikeni namba ya kifaa, jina la kwenye boksi halitusaidii.

Wi-Fi ya ndani ya laptopu yangu ilikufa. Nikashuka mjini, Makoroboi, nikanunua adapta ya USB ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Ndani ya boksi kuna kisidii cha Windows, na laptopu haina hata pa kuingizia sidii. Nikaichomeka kwenye Linux Mint 21. Kimya. Hakuna mtandao hata mmoja kwenye orodha.

Nikafungua teminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB na namba zao. Ikaja 0bda:1a2b, Realtek, na jina RTL8188GU. Basi siku mbili nzima nikasaka draiva, yaani programu ya kukiendesha kifaa, ya 8188GU. Nilipakua tatu, zote ziligoma, bando likaisha. Kumbe mwisho wa mstari uleule palikuwa na neno CDROM, nami nililiruka kila mara. Adapta za namna hii ukizichomeka hujitambulisha kwanza kama diski iliyobeba draiva za Windows. Mpaka zigeuzwe ndipo zinakuwa Wi-Fi, na ndipo namba ya chipu halisi inaonekana. Nikaandika:

sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b

Nikarudia lsusb. Namba ikawa 0bda:c811, yaani RTL8811CU. Chipu nyingine kabisa! Siku mbili zile nilikuwa natafuta dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Mint 21 ilikuja na keneli (kiini cha Linux) 5.15, ambayo haina draiva ya chipu hiyo. Badala ya kuhangaika kuijenga, nikaweka Mint 22 yenye keneli 6.8, ambayo draiva iko ndani yake tayari. Majina ya Wi-Fi za majirani yakaanza kushuka moja moja kwenye orodha. Nilikaa nayatazama tu, hata kuunganisha nikasahau.

Mtaniuliza intaneti ya kupakulia niliitoa wapi wakati Wi-Fi haipo. Simu. Chomeka simu kwa waya, kisha kwenye sehemu ileile ya hotspoti washa kugawa intaneti kwa USB. Linux inaipokea bila kuongezewa chochote. Waya uwe wa kupitisha data, kuna nyingine zinachaji tu.

Mdau, Nansio

Yangu ni fupi. 148f:7601, MediaTek MT7601U. Nilichomeka, ikawaka, nikaweka nywila. Draiva yake imo kwenye keneli tangu mwaka 2015. Haina 5GHz, lakini kwa kusoma na kutuma barua pepe sijaona upungufu. Mkiikuta dukani msiiache.

Mdau, Igoma

Asante kaka kwa kuanzisha. Nina steshenari ndogo na kompyuta ya mezani ndiyo inayotulisha. Adapta yangu ni 0bda:b812, RTL8812BU. Draiva niliijenga mwenyewe kwenye Ubuntu 22.04, Linux nyingine, ikamaliza bila kosa hata moja. Nilipoiwasha kwa modprobe ikajibu "Key was rejected by service". Nikafuta, nikajenga upya, mara nne. Jibu lilelile.

Draiva haikuwa na tatizo. Ni Secure Boot, ulinzi wa kompyuta inapowaka, haikubali draiva isiyo na saini inayoitambua. Wakati wa kusakinisha niliombwa nitunge nywila, nikatunga bila kujua ya nini. Kompyuta ilipowaka upya ikaja skrini ya bluu, na mteja kasimama dirishani anataka kuchapishiwa barua, nikabonyeza kuendelea. Pale ndipo nilipokosea. Skrini ile hukaa sekunde chache, ukiiruka hairudi yenyewe. Nikaiita tena:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Nikatunga nywila, nikawasha upya, safari hii nikachagua Enroll MOK, yaani kusajili ufunguo wa saini hiyo, nikaandika nywila. Wi-Fi ikaja hapohapo.

Halafu ijengeni kwa DKMS, inayoijenga draiva upya kila keneli inapobadilika. Bila hiyo, keneli ikisasishwa draiva inabaki kwenye keneli ya zamani, unaamka asubuhi huna mtandao na wateja wako mlangoni.

Mdau, Sengerema

Kabla ya yote andikeni rfkill list, inaonyesha kama Wi-Fi imezuiwa. Mimi ilionyesha imezuiwa kwa kitufe, na kweli laptopu yangu ina swichi ubavuni ambayo sikuwahi kuijali.

Mdau, Malimbe

Mimi ilikubali tangu mwanzo ila ikawa inasinzia. Nikiacha kutumia dakika chache, nikirudi kurasa hazifunguki. Kwenye faili la /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf kuna wifi.powersave = 3, yaani Wi-Fi ibane umeme. Nikaweka 2, yaani isibane, nikawasha upya NetworkManager, programu inayosimamia mtandao. Nimemaliza nayo muhula mzima. Pia niliacha kuichomeka kwenye habu ya USB, niliona ikichomekwa moja kwa moja inatulia zaidi.

Mdau, Bwiru

Wakuu, yangu ni 0cf3:9271, natumia Debian 11. lsusb inaiona, ila hakuna mtandao unaoonekana. Secure Boot nimezima.

Mwanzisha uzi, Nyakato

Hiyo ni Atheros AR9271, mkuu, chipu nzuri sana. Rudisha Secure Boot yako, haihusiki, draiva yake imo kwenye keneli. Andika sudo dmesg, inaonyesha ujumbe wa keneli, uangalie mistari ya mwisho, nadhani inalalamikia faili la htc_9271, programu ndogo inayopakiwa ndani ya adapta yenyewe.

Mdau, Bwiru

Ndiyo. Inasema imeshindwa kulipakia htc_9271-1.4.0.fw.

Mwanzisha uzi, Nyakato

Basi unganisha simu kwa waya, kisha sudo apt install firmware-ath9k-htc. Ikimaliza, chomoa adapta uichomeke tena.

Mdau, Bwiru

Imekubali! Taa ya kijani inapepesa, na ujumbe huu nautuma kupitia yenyewe. Simu nimeshaichomoa.