Majukwaa huria ya Intaneti ya Vitu: lipi litafanya vifaa vya makampuni tofauti visikilizane?

Fundi_Ilala:

Wakuu, habari za kazi. Nimepewa kazi ya kufunga vihisi katika jengo la ghorofa sita lenye nyumba 24 hapa Dar es Salaam. Kinachotakiwa ni kujua kina cha maji katika simtanki nne zilizo juu ya paa, kuwasha na kuzima pampu, kusoma mita ndogo ya maji ya kila mpangaji, na baadaye kuongeza taa za ngazini na geti.

Mwenye jengo ameshaumwa na nyoka. Mfumo wa kwanza aliofungiwa ulikuwa mzuri, ila kila amri ilipitia kwanza kwenye seva ya kampuni iliyo nje ya nchi, na kampuni ilipoacha biashara hiyo, vifaa vyote vikabaki pambo la ukutani. Safari hii hataki kitu kitakachomfunga kwa muuzaji mmoja.

Nimesoma kuhusu Home Assistant, openHAB, Matter, FIWARE na oneM2M, na vyote vinasifiwa kwa uwazi wake. Je, nichague kipi, na nitajuaje kwamba uwazi huo ni wa kweli?

Mhandisi_Tanga:

Ndugu Fundi, vitu ulivyovitaja si vya aina moja, na ndiyo maana vinachanganya. Home Assistant, iliyoanza mwaka 2013, na openHAB, iliyoitangulia kwa miaka mitatu hivi, ni programu za kuendesha vifaa, unazozifunga mwenyewe kwenye kompyuta ndogo iliyo ndani ya jengo. Matter, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2022, ni makubaliano ya watengenezaji kuhusu lugha ambayo taa, kufuli na vifaa vingine vya nyumbani vitaizungumza bila kulazimika kupitia seva ya mbali. FIWARE na oneM2M zimelenga mambo makubwa zaidi, yaani mji mzima au mtandao wa idara nyingi, na kwa jengo lako zitakuwa mzigo.

Ushauri wangu ni kwamba uchague itifaki, yaani kanuni za vifaa kupelekeana ujumbe, kabla ya kuchagua jukwaa. Kila kifaa utakachonunua kiwe na uwezo wa kutuma habari zake kwa itifaki ya MQTT, ama chenyewe au kupitia kitu cha kati unachokimiliki wewe. MQTT ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na mwenzake Arlen Nipper kwa ajili ya kusimamia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako kila herufi ilikuwa na gharama. Inafanya kazi kama dalali wa mnadani: kihisi kinampa ujumbe, naye anaufikisha kwa kila aliyeomba kusikia habari za mada ile, bila muuzaji na mnunuzi kufahamiana. Ukimbadilisha mnunuzi, yaani ukiiondoa Home Assistant na kuweka openHAB, kihisi hakiathiriki.

Tena tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Mita za umeme za LUKU zimetoka kwa watengenezaji mbalimbali, lakini zote zinapokea tarakimu 20 kwa namna moja, kwa sababu zinafuata kiwango kimoja, STS, kilichoanzia Afrika Kusini. Mwaka 2024 wateja walitakiwa kuingiza mafungu mawili ya tarakimu kabla ya umeme wenyewe, kwa kuwa hesabu ya dakika ya kiwango hicho, iliyoanza mwaka 1993, ilikuwa inafika ukomo tarehe 24 Novemba. Utaratibu huo ulikuwa mmoja kwa mita za kila mtengenezaji, katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Kama kila mtengenezaji angekuwa na lugha yake, mita ngapi zingeng'olewa ukutani?

Kisauni_Maji:

Nakubaliana na Mhandisi kuhusu MQTT, lakini naomba niongeze jambo lililonigharimu usiku mzima. Itifaki inafikisha ujumbe. Haisemi ujumbe una maana gani.

Katika jengo moja hapa Mombasa nilikuwa na vihisi viwili vya kina cha maji kutoka kwa watengenezaji wawili. Vyote vilituma kwa MQTT, vyote vilisomeka, na asubuhi moja vyote vilionyesha 142. Cha kwanza kilikuwa cha mawimbi ya sauti, kimefungwa kwenye mfuniko, na 142 yake ilikuwa sentimita kutoka mfunikoni hadi usawa wa maji. Cha pili kilikuwa cha shinikizo, kimezama chini ya tangi, na 142 yake ilikuwa sentimita za maji yenyewe. Kwa hiyo tangi moja lilikuwa karibu tupu na jingine karibu kujaa, na mimi nilikuwa nimeandika kanuni moja ya pampu kwa yote mawili. Kadiri tangi la kwanza lilivyopungukiwa, ndivyo mfumo ulivyoamini kwamba linajaa, na usiku uliofuata wapangaji wa ghorofa ya juu walikosa maji kabisa.

Hapo ndipo FIWARE ina la kutufundisha hata kama hatuifungi. Kanuni zake za data, NGSI-LD, zilizochapishwa na ETSI, taasisi ya Ulaya ya viwango vya mawasiliano, mwaka 2019, zinataka kila kitu kitajwe kwa aina yake na kila sifa kwa jina lake, na zinatoa nafasi ya kuandika kipimo na wakati kilipochukuliwa. Miji kama Santander huko Hispania, yenye vihisi vipatavyo 12,000, isingeweza kuishi bila makubaliano ya namna hiyo. Wewe andika yako kwenye ukurasa mmoja: kina ni sentimita za maji kutoka chini ya tangi, mita ya maji ni lita, saa ni ya Afrika Mashariki. Kifaa kinachosema vinginevyo kigeuziwe hesabu mlangoni, kabla habari zake hazijafika kwenye kanuni yoyote.

Na tafadhali, swichi ya boya ibaki kwenye waya wa pampu. Kompyuta ikifa, boya lizime pampu lenyewe.

Fundi_Ilala:

Nashukuru sana, wakuu. Limebaki suala la mita za wapangaji. Zipo ndani ya kuta za zege, Wi-Fi haifiki, na muuzaji ananishawishi nichukue za LoRaWAN, zinazotuma usomaji kwa redio ya masafa marefu. Anasema ni mfumo wa wazi.

Bi_Mtandao:

Fundi, LoRaWAN yenyewe ni kiwango cha wazi, na inapenya zege vizuri kuliko Wi-Fi kwa sababu inatumia mawimbi ya redio ya frikwensi ya chini zaidi. Uwazi unaweza kupotea kwenye funguo. Kila mita ina ufunguo wa siri, AppKey, wenye herufi na tarakimu 32, na aliye nao ndiye anayeamua mita itajiunga na seva gani. Nimeona wauzaji wanaobaki na funguo hizo na kumpa mteja tovuti ya kutazama tu. Mteja wa namna hiyo hana mita, amepangishwa. Dai orodha ya funguo zote 24 kabla ya malipo ya mwisho, na iandikwe kwenye mkataba. Ukishakuwa nazo, unaweza kuendesha seva yako kwa ChirpStack, ambayo ni programu huria, nayo itampa dalali wako wa MQTT kila usomaji.

Kumbuka pia kwamba usomaji wa maji wa kila saa unaonyesha mpangaji yuko nyumbani lini na amesafiri lini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa ankara, usomaji mmoja kwa siku unatosha.

Fundi_Ilala:

Nimemwandikia muuzaji kuhusu funguo, na amejibu kwamba lazima aulize kiwandani kwanza, kwa hiyo malipo nimeyasimamisha. Kesho napanda paani na futi kamba, maana nimegundua kwamba simtanki mbili ni za lita 5,000 na mbili ni za lita 3,000, na matundu ya kutolea maji hayako kimo kimoja.