Amefungua madeni ya maduka yote kwa orWhere moja, kisha anasema "ni mabano tu"

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Huyu mtu mnamjua, maana kila ofisi inaye: ndiye anayeandika Laravel (mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya PHP) mbio kama bodaboda aliyechelewa abiria, na akiulizwa kuhusu majaribio hujibu kwamba kwake inafanya kazi. Leo mwenye duka mmoja ameandika 0754 kwenye kisanduku cha kutafutia, akaletewa wateja wa maduka mengine pamoja na madeni yao, na mtu wetu akathubutu kumwambia usoni: "Ni mabano tu."

Ameandika hivi: where('duka_id', $duka)->where('jina', 'like', $neno)->orWhere('simu', 'like', $neno). Yaani where ni sharti la "na", orWhere ni sharti la "au". SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, hutanguliza AND (na) kabla ya OR (au), kwa hiyo hifadhidata imeelewa kwamba ama mteja awe wa duka hili na jina lifanane, ama simu ifanane, hata akiwa wa duka lolote chini ya jua. Angeyaweka masharti ya jina na simu ndani ya where moja yenye function, mabano yangejiweka, na nyaraka za Laravel zenyewe zinahimiza jambo hilo. Mabano tu! Mtu anasomewa madeni ya wateja wake na mshindani wake, nawe unasema mabano tu!

Mjumbe wa 2: Pole, mkuu, lakini ni nani aliyeupitisha msimbo huo? Isije ikawa unamlilia mwenzako kwa kosa lililopita mikononi mwako.

Mleta uzi: Aliupandisha mwenyewe usiku bila kumwonyesha mtu. Na hata ningeupitisha mimi, "mabano tu" husemwa mbele ya mwenye duka?

Mjumbe wa 3: Tangu toleo la 10 la Laravel kuna whereAny, inayopokea safu zote mbili na kuzifungia mabano.

Mjumbe wa 4: Nyinyi mna nafuu. Wa kwetu, kwenye Django (mfumo kama Laravel, ila wa lugha ya Python), ambako kila sharti la kutafutia hufungwa ndani ya Q, ameandika Q(jina=neno) or Q(simu=neno) badala ya kutumia alama ya |, ambayo ndiyo "au" ya Q, Python ikachukua Q ya kwanza na kuitupa ya pili kimyakimya. Hakuna mteja anayepatikana kwa namba ya simu, na yeye anadai kwamba wateja hawajui namba zao.

Mjumbe wa 5: Huyo alihama kutoka kwetu! Hapa alitumia | vizuri, ila akaichanganya na alama ya "na", yaani & bila mabano, na kwa kuwa Python hutanguliza &, waliofungiwa akaunti wakarudi kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kukopa. Bosi alipomwuliza, akalaumu mtandao.