Eti butoni ni "mchezo ya batoto"?! Weee nimechoka na huyu bwana

mwana_wa_lava:
Batu ba Goma munamujua, sitataja jina, ule anatembeaka na mashine nyeusi kwapani kama katekista na biblia. Leo niko ku duka ya mama mumoja kule Birere, nimemutengenezea ukurasa wa kufungua taneli (njia ya kupitia intaneti mpaka ku mashine ya duka) ju aone stoki yake akiwa nyumbani, butoni moja ya kijani, unafinya, basi. Mama na miwani yake amefinya mara moja ikaitika. MARA MOJA. Huyu bwana anaingia anacheka mpaka mandazi inamuruka mudomo, anasema mbele ya mama: "hii ni mchezo ya batoto, mwanaume anaandika komandi."

Mchezo ya batoto. Mbele ya kliya wangu!!

Akanisukuma, vidole vya mafuta ku klavie yangu, tap tap tap komandi ya kufungua ile ile taneli, ssh -R 8080:localhost:80, akaegama kama mubunge. Mama anafungua ku simu, hakuna. Anaandika tena, hakuna. Miaka mia tuko pale! Kumbe GatewayPorts, mpangilio wa seva wa nani anaweza kuingia ku taneli, niliweka clientspecified, usipotanguliza 0.0.0.0: (yaani anwani zote za seva) mlango unafunguka tu ku 127.0.0.1 ya seva yenyewe, mutu wa inje anabisha mpaka kesho. Butoni yangu inaandikaka hiyo yote peke yake! Yeye akasema ni intaneti ya Goma. Mandazi bado ku mudomo. BATOTO!!

sambaza_kavu:
😂😂 njo yeye aliweka AllowedIPs 0.0.0.0/0 (yaani trafiki yote ipite mule) mu WireGuard, ile ya VPN, ku seva iko Ulaya, akajifungia inje, akatuambia seva imekufa. Kidogo tuchange za matanga

chukudu22:
Ngoja kwanza. Hiyo 0.0.0.0 si umefungulia dunia yote stoki ya mama? Ukurasa una pasiwadi?

mwana_wa_lava:
Iko. admin

chukudu22:
Hiyo ni jina. Pasiwadi?

mwana_wa_lava:
Nimesema admin. Tusitoke ku mada, alisema BATOTO

chukudu22:
Basi hakukosea sana 😂

mvua_ya_bukavu:
Nyie muko na butoni, sisi huku umeme tangu juzi hakuna, rauta yangu inanyonya betri ya pikipiki na kesho mwenye pikipiki anaitaka

yaya_lushi:
Betri ya pikipiki inashika masaa ngapi? Yangu iliuzwa mpya kabisa, wiki mbili imevimba kama bukari, muuzaji anasema ni joto ya Lubumbashi

mwana_wa_lava:
jamani uzi wangu

sambaza_kavu:
@yaya_lushi chukua ya gari, pikipiki utalia

mvua_ya_bukavu:
Ya gari bei gani Birere?