Mstari wa 17 umekataa kutoka rangi nyekundu na mkutano ni Jumapili

KaraniBusia: Wakubwa, shikamooni. Ninatunza hesabu za kikundi chetu cha akiba hapa Busia, wanachama 86. Kwenye Excel nimeweka rangi zinazojibadilisha: aliyepitisha muda wa mkopo, mstari wake unakuwa mwekundu. Sasa mstari wa 17 ni mwekundu na mwenyewe hadaiwi hata shilingi. Nimeupaka nyeupe mara nne, wapi! Jumapili laha inabandikwa ukutani. Nafikiria kufuta kanuni zote za rangi nipake kwa mkono.

FundiSeli: Rangi ya kanuni hukaa juu ya rangi ya mkono, utapaka mpaka uchoke. Weka hapa kanuni yenyewe.

MzeeWaArua: Marahaba. Nilipokuwa mweka hazina wa ushirika tulikuwa na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Nyekundu haikuguswa mpaka watu watatu washuhudie. Siku hizi mashine inampaka mtu aibu bila shahidi.

KaraniBusia: =AND($D4>0,$E4<TODAY()). D ni salio la mkopo, E ni tarehe ya kumaliza: salio likizidi sifuri na tarehe ikiwa imepita, mstari unakuwa mwekundu.

FundiSeli: Kanuni ni nzima. D17 umeandika nini, herufi kwa herufi? Na mstari huo ni wa nani hata ukukoseshe usingizi?

KaraniBusia: 0/=

Ni wa mama mdogo wangu. Ndiye aliyenilipia shule. Anauza samaki, na wateja wake wanasoma ukuta ule. Alimaliza deni mbele yangu, ndiyo maana naona kupaka kwa mkono si dhambi.

MamaKitenge: Karani akianza na mama mdogo, kesho atafika kwa shemeji. Kikundi chetu Jinja kilivunjika hivyo hivyo, na ada za watoto wangu zilikuwa humo.

BodaMbale: Mimi naona hadithi imetungwa. Kwanza alikuwa "mwenyewe", sasa ni mama mdogo. Bado kidogo tutaambiwa alilipa kwa simu na ujumbe umefutika.

KaraniBusia: Sijatunga. Alilipa taslimu, sahihi yake iko kitabuni pamoja na ya mweka hazina. Sikumtaja kwa sababu nilijua mtasema haya.

FundiSeli: Jamani, hiyo 0/= inajieleza. Kwa sababu ya alama ya /= Excel inaiona ni maandishi, na ikilinganisha, maandishi ni makubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo $D17>0 inakuwa kweli. Chagua safu D peke yake, bonyeza Ctrl+H, tafuta /= na pa kubadilishia paache patupu.

Halafu kagua E. Tarehe zilizoegemea kushoto nazo ni maandishi. Kompyuta yako bila shaka ina mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza. Hakuna mwezi wa 30, basi 30/4 inabaki maandishi, haiwi ndogo kuliko leo hata mwaka ukiisha, na mdaiwa wake anakaa mweupe. Badilisha mpangilio uwe siku kwanza, kisha uziandike upya.

KaraniBusia: Nimefanya. Wa 17 umekuwa mweupe, namshukuru Mungu. Tarehe zilizoegemea kushoto zilikuwa 23, nimezirudia kutoka kitabuni. Mistari mitano mingine imekuwa myekundu. Mmoja ni wa mweka hazina. Mmoja ni wangu, nilitakiwa kumaliza tarehe 30/4 na bado 150,000.

BodaMbale: Basi nimeamini. Samahani, ndugu.

MamaKitenge: Na laha ya mwezi uliopita?

KaraniBusia: Iko ukutani bado. Naenda kuitoa.

MamaKitenge: Usiitoe, mwanangu. Bandika mpya kando yake, watu waone kilichobadilika.

FundiSeli: Kabla hujachapa, rudia pia tarehe zote za siku ya 1 mpaka ya 12, hata zinazoonekana nzuri. Kama uliandika 3/4 ukimaanisha Aprili 3, kompyuta iliisoma Machi 4.