Mtoto anauliza: wachimbaji wa Katanga walipata dinosaria wangapi?

Mama Katuba, Lubumbashi
Habari zenu wote. Mwanangu ana miaka minane, na tangu aone dinosaria kwenye simu ya mjomba wake, nyumbani hakuna hadithi nyingine. Juzi tulikuwa kwenye barabara ya Likasi, akaona shimo la mgodi, akauliza: "Mama, huko chini kote walikochimba, walipata dinosaria wangapi?" Nikakosa jibu. Baba yake anasema hayo ni mambo ya Wazungu, huku kwetu hayapo. Mimi sikubali. Nataka aanze na kitu cha hapa hapa, akishike mkononi, kabla ya picha za Marekani. Nianzie wapi?

Mzee wa Mawe, Likasi
Mama, huyo mtoto ameuliza kitaalamu kabisa. Mjibu kwamba hawakupata hata mmoja, kisha mweleze sababu, maana ndiyo tamu zaidi. Mawe ya shaba yetu yana zaidi ya miaka milioni 700. Dinosaria wa kwanza walitokea kama miaka milioni 230 iliyopita. Mawe haya yalipokuwa bado tope la bahari ya kina kifupi, duniani hapakuwa na mfupa wala jani la mti.

Lakini uhai ulikuwepo. Vijidudu visivyoonekana kwa macho vilitanda juu ya lile tope kama utelezi, tabaka juu ya tabaka, mpaka vikaacha jiwe. Hizo ndizo stromatoliti. Kazini jiwe lake tuliliita RSC, lipo Kambove, lipo Kolwezi: gumu, limejaa vishimo. Likikatwa na kumwagiwa maji, mistari myembamba inajitokeza, inapanda na kushuka, hakuna unaonyooka. Ni visukuku kamili, yaani alama za uhai wa kale zilizobaki kwenye jiwe, na ni vya kwetu.

Usimpeleke kuvitafuta kwenye marundo ya mgodi, nakuomba. Kuta hubomoka, na vumbi la mawe ya kobalti si la mtoto. Mengine yana urani. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinafundisha jiolojia, nenda ukaombe aonyeshwe.

Nyumbani tafuta kamba ya mita 7, kila mita iwe miaka milioni 100. Mwanzo wa kamba weka jiwe, mwisho wake asimame yeye. Dinosaria wanaingia ikibaki mita 2 na sentimita 30, wanatoweka ikibaki sentimita 66. Na baba yake aambiwe habari za Kabwe, hapo Zambia tu ukishavuka Kasumbalesa. Mwaka 1921 wachimbaji wa risasi na zinki walikuta fuvu la mtu wa kale, la miaka kama 300,000. Kwenye kamba hiyo ni milimita 3 kutoka kidole cha mtoto! Fuvu lenyewe liko London mpaka leo, na Zambia inalidai.

Mwalimu wa Kamalondo
Mzee amemaliza upande wa mawe. Mimi nafundisha darasa la tatu na huwa naanza na matofali. Yetu hutengenezwa kwa udongo wa kichuguu, huanikwa chini kabla ya kuingia tanuruni, na kuku hupita juu yake yakiwa mabichi. Kwenye ukuta wa darasa langu lipo moja lenye unyayo: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, cha kati kimezama kuliko vingine. Nawauliza watoto: alikuwa anaelekea wapi? Mkubwa au kifaranga? Anakimbia au anatembea? Wanabishana mpaka kengele inalia.

Hapo ndipo nawapa Laetoli, Tanzania. Mwaka 1978 kikosi cha mtafiti Mary Leakey kilikuta nyayo za jamaa zetu wa kale waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano, miaka milioni 3.66 iliyopita. Mtoto aliyekwisha kusoma unyayo wa kuku hahitaji kuelezwa sana.

Mama Katuba
Mungu awabariki. Ukuta wetu wa uani nimeukagua sasa hivi, kuna wa mbwa! Ila bado analilia mifupa.

Dada wa Goma
Mifupa iko huku kwetu, dada. Katanda, kwenye mto Semliki, wataalamu walichimbua chusa za mfupa zenye meno, zinazokadiriwa kuwa na miaka 90,000, pamoja na mifupa mingi ya kambare. Kwa hiyo nunua kambare sokoni. Mkishakula, achemshe kichwa, aondoe nyama yote kwa mswaki wa zamani, aanike, halafu aipange mifupa upya juu ya karatasi bila kusaidiwa. Kichwa cha kambare ni kigumu na bapa, hakivunjiki ovyo. Akikimaliza, mpe mguu wa mbuzi.