Naomba ushauri: mpango mkakati umeisha, mfadhili mkubwa kaondoka, bodi inataka mpango mpya wa miaka mitano ndani ya wiki sita

BintiMuheza

Wakuu, habari za majukumu. Nina jambo linaninyima usingizi, nimeona nililete hapa kwa waliopitia.

Mimi ni mratibu wa shirika dogo lisilo la kiserikali mkoani Tanga. Tuko wafanyakazi saba, na wahamasishaji wa kujitolea kumi na wanne kwenye kata tano. Kazi yetu ni mabinti walioacha shule, wengi wao kwa ujauzito. Niliingia kama mhasibu msaidizi, na mwaka jana mkurugenzi wetu alipostaafu nikakabidhiwa ofisi.

Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, shirika kubwa lililokuwa linatupitishia fedha likatuandikia barua ya kusimamisha kazi. Karibu robo tatu ya bajeti yetu ilitoka kwenye mlango huo. Tulikuwa wafanyakazi kumi na sita, tukabaki saba, na tangu hapo tunajikongoja. Sasa mpango mkakati wa 2021–2025 nao umefika mwisho. Bodi imeagiza mpya wa 2026–2030 uwe mezani ndani ya wiki sita, na inataka mtaalamu aliyetuandikia ule wa kwanza aitwe tena. Ametaja shilingi milioni 14. Benki tuna milioni 31, basi.

Wiki iliyopita niliutoa ule wa zamani kabatini nikausoma mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza. Kurasa 62, jalada gumu, dira na dhamira kwa wino wa bluu. Ukurasa wa 9 unasema binti akipata ujauzito mlango wa shule umefungwa, kwa hiyo mkakati wetu mkuu ni kuwafundisha ushonaji. Uliandikwa Machi 2021. Novemba 24 mwaka uleule serikali ikatangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi shule. Sisi tukaendelea kununua cherehani hadi 2024. Hakuna hata mmoja wetu aliyefungua ule ukurasa akasema jamani, sababu ya haya yote imeondoka. Imeniuma sana, maana hundi za cherehani zile nilikuwa naziandika mimi.

Naomba mnisaidie. Nimlipe mtaalamu au tuandike wenyewe? Miaka mitano ina maana gani kwa shirika lisilojua mishahara ya Agosti itatoka wapi? Na wajumbe wa bodi, ambao ni watu wazima ninaowaheshimu, nawaambiaje kwamba mpango mwingine wa aina ile hautatufikisha popote?

FundiAndiko

Dada, pole sana. Ila usimkatae mtaalamu kwa haraka. Nimeandika maandiko ya miradi kwa miaka tisa, na nakuambia nilichokiona: kwenye hatua ya kwanza kabisa wafadhili wengi wanataka katiba, cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa na mpango mkakati. Kimoja kikikosekana, faili lako linawekwa pembeni kabla hata hawajasoma mnafanya nini. Mtu anayejua wanavyosoma ana thamani yake. Kama bei ni kubwa, punguza kazi yake. Asiwaandikie kila kitu. Aje awaongoze kwenye kikao cha siku mbili, halafu mwishoni apitie rasimu yenu.

MzeeMipango

Mwanangu, pole na majukumu. Nilikuwa ofisa mipango wa halmashauri kwa miaka 27, hivyo niruhusu niseme kwa urefu kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipokuja utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, wengi wanaujua kama O&OD, tulikuwa tunakaa kijijini na wananchi hadi mpango unakamilika. Niliamini kazi ile na bado naiamini. Lakini mipango ilipofika ofisini, nikaisoma usiku mmoja baada ya mwingine, karibu kila kijiji kilikuwa kimeomba vitu vilevile: barabara, zahanati, maji, madarasa. Kisha ukomo wa bajeti unakuja, kijiji kinapata kimoja, na mwaka unaofuata tunarudi kuwauliza tena wanataka nini. Watu walichoka kuulizwa. Utaratibu ulioboreshwa uliokuja baadaye uliingia kwa mlango mwingine: jamii imeanzisha nini yenyewe, kwa nguvu zake, ili serikali iunge mkono hapo. Tofauti hiyo nataka uishike.

Kabla hamjagusa dira na dhamira, jiulizeni ni nani aliyewatuma. Katiba yenu inasemaje? Cheti chenu chini ya Sheria ya NGO ya 2002 kinawaruhusu nini? Makubaliano na halmashauri je? Nimeona mashirika yakiandika malengo ambayo katiba yao wenyewe haiyatambui. Baada ya hapo angalieni nani mwingine anafanya kazi hiyohiyo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vituo vya elimu ya sekondari kwa njia mbadala kupitia SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, na walengwa wake wa kwanza ni hao mabinti wenu. Maendeleo ya Jamii wapo. Ustawi wa Jamii wapo. Hakuna haja ya kushindana nao, lakini lazima mjue nafasi gani imebaki wazi.

Halafu, swali. Mpango usio na swali ni orodha. Na usikubali mtu aandike ubaoni kwamba tatizo lenu ni "upungufu wa fedha". Kila shirika lina upungufu wa fedha, hata wizara inao. Kwa uliyoyaeleza, naona swali lenu ni moja tu: sasa mabinti wanaruhusiwa kurudi, kwa nini hawarudi? Mkilijibu hilo kwa ushahidi wa kata zenu tano, nusu ya mpango mnayo.

La mwisho ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini halmashauri huanza kuandaa bajeti yake miezi mingi kabla, na ikifika Machi mambo mengi yameshapita kwenye vikao. Mdau akija Mei na andiko zuri anasikilizwa vizuri na anarudi mikono mitupu. Andika kwenye mpango wako, kwa tarehe, ni lini mtakaa na kamati ya maendeleo ya kata na ni lini mtakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri.

HesabuSafi

Naomba nikuulize swali moja, wewe ni mhasibu mwenzangu utanielewa. Kwenye hizo milioni 31, za kwenu hasa ni ngapi? Nina maana fedha isiyo na masharti ya mfadhili.

BintiMuheza

Mkuu, nimerudi kwenye leja sasa hivi. Milioni 12 ni za mradi mdogo, zina shughuli zake na mkataba wake, siwezi kuzigusa. Za kwetu ni 19.

Mzee wangu, shikamoo na ahsante. Hilo swali lako nimelinakili kwenye daftari.

HesabuSafi

Basi milioni 14 za mtaalamu ni karibu robo tatu ya fedha yenu huru. Usiende kubishana na bodi kama mtaalamu ni mzuri au mbaya. Wapelekee namba hiyo, pamoja na mishahara na pango la mwezi mmoja, wajionee wenyewe mnaweza kuishi miezi mingapi akilipwa na miezi mingapi asipolipwa. Watu wazima wakiona hesabu iliyonyooka hawahitaji kushawishiwa.

Na kwenye mpango wenyewe, andikeni hali tatu. Tukibaki na tulichonacho leo tunafanya nini na tunaacha nini. Akipatikana mfadhili mmoja wa kati tunaongeza nini. Wakipatikana wawili je. Ule wa zamani naamini ulikuwa na hali moja tu, ile ya fedha kuja. Ndiyo maana barua ilipofika mlianza kupunguza watu kwa kubahatisha, kwa sababu hamkuwahi kukaa mkakubaliana ni kitu gani hakipaswi kuguswa.

MtuWaKilifi

Habari zenu. Mimi niko Kenya, Kilifi, na nimehudhuria vikao vya maoni ya umma tangu kaunti zianze 2013. Sheria inalazimu kila kaunti kuwa na mpango wa miaka mitano, CIDP, na juu ya hapo mpango wa maendeleo wa kila mwaka unaowasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Kwa swali lako la miaka mitano, mimi nimeona hivi: ule wa miaka mitano unaonyesha mnaelekea wapi, lakini ule wa mwaka mmoja ndio mwananchi anaweza kuushika mkononi na kuuliza, hapa mliahidi, mbona sioni? Sisi kwenye wadi yetu tuliacha kujaza matamanio kwenye ule mkubwa, tukaanza kufuatilia ule mdogo. Dada, weka siku ya kuusoma upya kila mwaka, na iwe kwenye ratiba ya bodi. Lile jambo la Novemba 2021 lingeonekana kufikia mwanzo wa 2022.

WaKataNi

Naombeni niseme kama mtu wa chini. Nimekuwa mhamasishaji wa kujitolea kwa miaka sita, si kwenye shirika lako dada, ni mkoa mwingine. Sijawahi kuitwa kwenye kikao cha mpango hata siku moja. Walikuja watu na dodoso, dakika kumi na tano, wakaondoka na gari. Lakini daftari ninalo mimi. Najua nani alirudi shule, nani aliolewa, nani anatamani na hawezi. Waite wahamasishaji wako wote, na waambie waje na madaftari yao. Wape nauli na chakula cha mchana. Hakuna mtaalamu atakayekuletea hicho.

FundiAndiko

Hapo kwa WaKataNi nakubali kabisa. Na mfadhili anayejua kazi yake akikuta ushahidi wa namna hiyo anauona mara moja. Tahadhari moja tu dada: Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Julai 2025, na kila andiko ninalolipitia siku hizi limenakili aya nzima kutoka humo ukurasa wa kwanza. Onyesheni mnaunganika wapi, sentensi mbili zinatosha.

BintiMuheza

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu, niwape mrejesho kwa sababu mmenibeba.

Wahamasishaji kumi na mmoja walikuja, na madaftari. Tulikaa ofisi ya kata kuanzia saa tatu asubuhi. Hatukutaka majina ya mabinti yazagae, kwa hiyo kila mmoja alikata vipande vya karatasi, kila kipande binti mmoja: namba, kijiji, na sentensi moja ya kwa nini hajarudi. Tukavipanga mezani kwa mafungu. Fungu la kwanza tuliliita "hataki shule", na mwanzoni lilikuwa nene. Kisha mama mmoja, mhamasishaji wetu wa siku nyingi, akaanza kuvichomoa kimoja kimoja. "Huyu si kwamba hataki. Mama yake anatoka alfajiri kwenda kuuza machungwa stendi. Mtoto mchanga anabaki na nani?" Wenzake nao wakaanza kuchomoa vyao. Kufikia saa sita fungu la "hataki" lilikuwa limebaki vipande vichache, na la "mtoto hana wa kumwachia" limekuwa kubwa kuliko yote. La pili likawa umbali na nauli. Walikuwepo pia, na hili lilinitoa machozi, mabinti ambao hadi leo hawajaambiwa na mtu yeyote kwamba wanaruhusiwa kurudi.

Miaka mitano tumefundisha ushonaji, na kilichokuwa kinatakiwa ni mtu wa kumshika mtoto saa za darasa.

Vipande vile nilivipeleka kwenye bodi ndani ya bahasha, pamoja na ukurasa mmoja wa hesabu kama alivyonielekeza HesabuSafi. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mkuu mstaafu. Alivisoma vyote, taratibu, wengine wakimsubiri. Akafika kwenye kimoja cha kijiji alichofundisha akakiweka pembeni, hakukirudisha na wenzake. Baadaye akauliza tu, "Mwaka wa kwanza tunaweza kuanza na kata ngapi?"

Wamekubali tuandike wenyewe. Mtaalamu ataletwa kwa siku mbili tu, kwa milioni 2, na ataisoma rasimu mwishoni. Ushonaji tunausimamisha, cherehani zilizobaki zinakwenda kwa vikundi viwili vya mabinti wanaotaka kuomba mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kata tunaanza na mbili. Kikao cha kuusoma mpango upya kimewekwa kila Novemba.

MzeeMipango

Mwanangu, umefanya kazi. Kabla hamjaandika neno "kituo" kwenye rasimu, nenda Ustawi wa Jamii. Kulea watoto wadogo mchana kuna masharti yake chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 na usajili wake. Uliza pia halmashauri yenu imefika wapi na programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, ile iliyoanza 2021/22, maana muda wake ulipangwa kufika ukingoni Juni 2026 na huenda wanapanga kitakachofuata. Wakati wa kuingia ni huu. Katiba yenu inasema "elimu" peke yake au inataja na watoto?

BintiMuheza

Nimeifungua sasa hivi mzee wangu. Inasema "elimu na ustawi wa wasichana na watoto wao". Ustawi wa Jamii naenda Jumatatu, nitapitia kwa yule mama wa madaftari niende naye.