Kurudi nilipoishia kwenye faili refu la Word

Swali:
Wakuu, nachapa tasnifu za wanafunzi hapa Wandegeya, Kampala. Ya leo ina kurasa 214. Kila nikifungua faili nazungusha kigurudumu cha kipanya kutoka jalada hadi nilipoishia, kidole kinakufa ganzi. Hakuna njia ya kibodi?

Jibu:
Faili likifunguka tu, kabla hujagusa kitu, bonyeza Shift+F5. Kielekezi kinaruka pale ulipohariri mwisho. Naitumia kila asubuhi.

Jibu:
Ukitaka ukurasa fulani, Ctrl+G, andika namba, Enter. Ctrl+Home mwanzo, Ctrl+End mwisho. Kwenye laptopu nyingine ushike pia kitufe cha Fn.

Mwuliza:
Shift+F5 imenipeleka ukurasa wa 163, katikati ya jedwali la mahindi nililoacha jana jioni! Asanteni sana ndugu zangu.